Mashine ya Wasusi Wanne

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imeanza saa nane mchana, na stima ikapotea saa nane na dakika tano. Mteja wangu wa mwisho alikuwa chini ya draya. Ameenda nyumbani na kitambaa kichwani, nywele mbichi, akininunia kana kwamba mimi ndiye niliyezima. Ndivyo itakavyokuwa mpaka Juni. Hakuna mwanamke Nakuru anayetengeneza nywele ili mvua izioshe.

Nimenunua daftari hili nipate mahali pa kusemea, kwa sababu nikisema na Wangare, Wangare hujibu. Tumesuka pamoja miaka kumi na tisa na tumegombana kumi na minane. Wa tatu hapa saluni ni Trizah wa kucha, na wa nne, tangu mwezi jana, ni Jerop, mke wa mwanangu Khisa. Khisa anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo mke ameachiwa mimi. Ni mpole kupita kiasi. Ukimwambia lolote anajibu, "Sawa, mama." Leo nimemwuliza kama chai imekolea sukari, akasema sawa, mama. Nilipoionja haikuwa na sukari hata chembe.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo yametokea mambo, acha niandike vizuri.

Mwalimu Ogada amemleta bintiye Shantel kusukwa laini, ile mistari ya kulala kichwani. Anafundisha hesabu sekondari, na kila mara hukaa kwenye benchi letu akisahihisha vitabu vya wanafunzi huku akiguna. Trizah akamchokoza: "Mwalimu, si hesabu siku hizi ni ya simu? Hawa watoto mnawatesea nini?"

Ogada akaweka kalamu chini. "Trizah, kompyuta ya kwanza unajua ilikuwa nani?"

"Nani aje? Si ni kitu?"

"Nani. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu. Unaamka asubuhi unaenda kujumlisha, jioni unarudi nyumbani. Na wale wa kwanza kufanyishwa hiyo kazi kama kiwanda, wengi wao walikuwa wasusi."

Hapo hata mimi niliacha kichana kwenye kichwa cha mtoto. Akatueleza. Ufaransa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, palikuwa na mapinduzi. Wakubwa waliokuwa wakijipamba kwa manywele marefu ya bandia wakakimbia nchi, wengine wakakatwa vichwa.

"Na bila kichwa huwezi kusukwa," akasema Wangare.

Basi wasusi wakakosa kazi. Wakati huohuo bwana mmoja, de Prony, alikuwa ameagizwa kutengeneza majedwali makubwa ya hesabu, kazi ya kumzeesha mtu. Akaigawa. Wachache waliojua sana walitunga njia, wengine wakaipanga hatua kwa hatua, na kundi kubwa likabaki na kujumlisha na kutoa tu. Baadaye Mwingereza mmoja, Babbage, akawaza: ikiwa msusi anaweza kutoa jibu bila kujua anachokitafuta, basi hata magurudumu ya shaba yanaweza. Ndiyo njia iliyokuja kufika kwenye simu ya Trizah.

"Bila kujua anachokitafuta?" nikamwuliza. Mimi nilifika kidato cha pili, na hesabu nilikuwa naongoza darasa mpaka baba alipopunguzwa kazi reli na karo ikaisha. Mwalimu akaomba radhi.

Kisha akatoa lake. Tarehe 14 Juni maktaba itakuwa na siku ya historia ya kompyuta. Shule nyingine zitaleta laptopu, lakini yeye anataka kitu kinachopumua. "Mama Khisa, nyinyi mtakuwa mashine. Jedwali likitoka sawa litachapishwa kwenye kijitabu cha shule, na majina yenu hapo chini."

Jina langu limechapishwa mara moja tu maishani, kwenye tangazo la mazishi ya baba. Nikasema tumekubali kabla hajamaliza.

Jumatatu, 7 Aprili

Mashine yenyewe ni hivi. Chukua machungwa, uyapange piramidi kama ya wale mama wa barabarani. Juu kabisa chungwa moja. Chini yake manne, chini tena tisa, halafu kumi na sita. Swali: piramidi ya matabaka fulani ina machungwa mangapi kwa jumla? Tunatakiwa kuandika jumla mpaka kila tabaka, la kwanza hadi la mia mbili.

Hakuna kuzidisha. Wangare ana namba yake ndogo. Kila mara anaiongeza mbili, anaijumlisha kwenye jibu lake lililopita, anaandika kwenye kipande cha karatasi na kunipa. Hayo ndiyo machungwa ya tabaka jipya: moja na tatu, nne; nne na tano, tisa; tisa na saba, kumi na sita. Mimi naijumlisha kwenye jumla kuu, naandika kitabuni. Upande wa pili wa pazia Trizah na Jerop wanafanya vilevile, Trizah akitoa karatasi na Jerop akiweka jumla. Jioni vitabu viwili vinalinganishwa. Wale Wafaransa nao walifanya kwa makundi mawili, ili mmoja akikosea mwingine amshike.

Tutahesabu saa zile stima imepotea, na simu ni marufuku. Ogada ameandika jibu la mwisho, akaliweka kwenye bahasha na kumpa mkuu wa maktaba. Amesema hatatazama vitabu vyetu mpaka siku ile, tukikosea tukosee kama Wafaransa. Bahasha ikipingana nasi, hakuna kuchapishwa.

Amesema pia mpango wa hatua kama huu unaitwa algorithimu, kutokana na jina la al-Khwarizmi, mtu wa hesabu aliyeishi Baghdad zamani sana. Wangare akasema kwake Kabazi unaitwa kupika: ukiruka hatua, ugali unakuwa uji.

Jumanne, 8 Aprili

Tabaka la 12: machungwa 650. Nimeweka utaratibu wa jioni. Mimi nasoma kitabu changu kwa sauti, wengine wanaitikia, kama zaburi kanisani. Vitabu vimelingana.

Ijumaa, 11 Aprili

Stima ilikuwepo kutwa. Wateja sita. Hatukuhesabu hata chungwa moja na nilijikuta nakasirika.

Alhamisi, 17 Aprili

Tabaka la 30: 9,455. Vitabu vimelingana. Mvua ya upepo, bango letu limeanguka. Wangare ameleta viazi kutoka kwao Kabazi, na tumevichemsha kwenye jiko la makaa tukihesabu. Ogada alitwambia kwamba kule Ufaransa walioonekana kukosea kidogo zaidi ni wale wasiojua chochote zaidi ya kujumlisha. Wangare amenitazama na kucheka mpaka kiazi kikamkwama. Ati mimi na kidato changu cha pili ndio hatari.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya wazimu. Mvua ya mawe, bati likipigwa hatusikiani. Tulikuwa gizani tukihesabu vizuri, halafu stima ikarudi ghafla. Draya ikanguruma na mteja wangu Wamaitha aliyekuwa amesinzia ndani yake akaruka akiliita jina langu: "Nabalayo, naungua! Unanichoma masikio!" Nikaandika kwa mkono mmoja na kuchomoa plagi kwa mwingine. Wangare badala ya kusaidia alikuwa anapiga magoti kwa kicheko.

Tumefika tabaka la 58: 66,629. Vitabu vimelingana.

Jerop ananitia wasiwasi. Nilipokwisha kusoma alikuwa anafuta kitabu chake, akafuta na kufuta, karatasi ikaota manyoya. Nikamwambia mbele ya wote kwamba mtu anayefuta sana hajui anachoandika. Akasema sawa, mama. Sijui Khisa alimpendea nini zaidi ya macho.

Jumanne, 29 Aprili

Shule zimefunguliwa, Ogada haonekani. Tabaka la 66. Vitabu vimelingana.

Ijumaa, 9 Mei

Tabaka la mia! 338,250. Nimechinja kuku. Khisa yupo, na mezani nilimweleza kuhusu al-Khwarizmi, Wafaransa na machungwa, kijana akanitazama kana kwamba nimeanza kunena kwa lugha. Nikamwambia mkewe anajitahidi lakini ni mchafu wa kitabu. Jerop akainuka kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Matope mpaka mlangoni. Vitabu vimelingana.

Alhamisi, 22 Mei

Tumevuka milioni! Tabaka la 144: 1,005,620. Trizah amepiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani amefariki. "Mathe, sisi ni mamilionea wa machungwa!" Trizah akaniambia. Wangare anasema akifumba macho usiku anaona namba zikishuka kama mvua ya dirishani. Mimi naziona za rangi.

Nimegundua jambo kuhusu Jerop. Ana kasi. Akipokea karatasi kutoka kwa Trizah huandika jumla mara moja, kisha hukaa na kalamu akinisubiri. Nilidhani anasubiri kunakili kwangu, lakini leo nimemchungulia kwenye kioo, na alikuwa ameandika kabla yangu. Kwa nini basi ana uso wa mtu anayeumwa na jino?

Jumanne, 3 Juni

Wangare ana mafua, amehesabu akipiga chafya. Tabaka la 176. Vitabu vimelingana. Trizah ameanza kuandika jedwali lote kwenye shuka jeupe kwa kalamu nene. Linapendeza.

Jumatano, 11 Juni

Tumefika tabaka la 195 na hapo tumesimama, maana matano ya mwisho tutayafanya mbele ya watu. Nimepanga nguo. Nimemwambia fundi viatu, mchungaji, na mama wa mayai kwamba nitachapishwa.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui kama nina hasira au nina aibu. Nadhani zinapokezana.

Asubuhi nilifika saluni mapema nivifunike vitabu vyote viwili kwa karatasi ya kaki, vikae kwa heshima. Cha Jerop kikafunguka mahali kilipozoea kufunguka, tabaka la 58. Pale alipofuta ule wakati pamekuwa na tundu. Ukurasa wa chini yake ulikuwa umebaki na alama ya kalamu yake iliyokandamiza: 66,729. Si mia sita ishirini na tisa, ni mia saba.

Nikachukua karatasi. Sitini na tatu elfu mia tatu sitini na tano, ongeza elfu tatu mia tatu sitini na nne. Tano na nne, tisa. Sita na sita, kumi na mbili, andika mbili, beba moja. Ile moja. Nilisoma shajara yangu ya tarehe 26 nikamwona Wamaitha akiruka na mimi nikichomoa plagi. Ile moja sikuibeba. Na kwa kuwa kila jumla inakaa juu ya mwenzake, tangu siku ile mpaka jana hakuna namba hata moja iliyo ya kweli. Nimechinja kuku kwa ajili ya uongo.

Jerop akaingia na ufagio. Nikamwonyesha tundu.

"Uliona?"

"Niliona, mama."

"Na ukafuta yako iliyo sawa, ukaandika yangu?"

"Mama, ulikuwa umeshasoma. Wangare amesema sawa, Trizah amesema sawa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenu mwezi mmoja tu."

"Si ungeniambia kando!"

"Kando ni wapi, mama? Nyumba ni moja, kazi ni moja." Alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili. "Na kwetu ukimsahihisha mama ya bwanako mbele ya watu, hakuna mtu atasema hesabu yako iko sawa. Watasema hukulelewa. Nilikuwa naomba uone mwenyewe. Kila jioni ukisema vitabu vimelingana, mimi nilikuwa nafungua hapo kwa tundu."

Nikafungua mdomo nimfokee, na kilichonijia ni mambo niliyoyaandika humu. Mchafu wa kitabu. Hajui anachoandika. Ati mimi nasoma kama zaburi, wao waitikie! Wafaransa waliweka makundi mawili ili mmoja amshike mwingine, mimi nikaweka makundi mawili na mama mkwe katikati. Mashine yangu haikuharibiwa na draya. Niliiharibu tarehe 8 Aprili, siku nilipojipa kiti cha kusoma kwanza.

Nikakaa kwenye benchi nikalia kidogo. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu," na yeye akalia zaidi yangu, mpaka Wangare akaingia akadhani Khisa ameungua na mvuke.

Wangare alipoelewa alishika kiuno. "Siku mbili! Tabaka mia moja thelathini na nane! Tutarudia lini?"

Jerop akafuta macho kwa kiganja. "Lakini si tunaongeza mia tu?"

"Mia gani?"

"Mama aliacha mia moja mara moja. Karatasi za Wangare ziko sawa zote. Kwa hivyo kila namba kutoka hamsini na nane imepungukiwa na mia. Ni kuongeza mia kwa kila moja, basi."

Tukatazamana. Nilifika kidato cha pili nikiongoza darasa, na jambo hilo halikunijia kabisa.

Ijumaa, 13 Juni

Shuka zima limerekebishwa. Trizah alitaka kununua jingine jeupe aandike upya, pasionekane. "Mathe, nani atajua?" Nimekataa. Namba za zamani zimekatwa mstari na mpya zimeandikwa kwa nyekundu, na aliyeandika ni Jerop. Kisha vitabu vyote tumevipitia upya, kila mtu peke yake, na kuanzia sasa hakuna anayesoma kwa sauti. Vinawekwa mezani vikiwa vimefungwa, na vinafunguliwa pamoja.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Laptopu zilikuwa nyingi, lakini watoto walikuja kwetu, kwa sababu sisi tulikuwa tunapiga kelele. Ogada akaeleza habari za de Prony. Alipofika kwenye vichwa kukatwa, watoto wakafurahi sana.

Halafu tukaanza. Wangare ananipa karatasi, Trizah anampa Jerop karatasi, pazia katikati. La 196: vitabu vikafunguliwa, 2,529,086 na 2,529,086. Watu wakapiga makofi. La 197. La 198, mvua ikaanza juu ya bati. La 199: 2,646,700. La mwisho niliandika polepole kama mtoto wa chekechea, nikabeba kila cha kubebwa. Vitabu vikafunguliwa: 2,686,700 kwangu, 2,686,700 kwa Jerop.

Mkuu wa maktaba akachana bahasha. Alikuwa mama mwenye miwani, na aliitafuta miwani hiyo muda mrefu ikiwa kichwani pake. Akasoma kimya kwanza. Kisha kwa sauti: "Milioni mbili, mia sita themanini na sita elfu, na mia saba."

Sijui nani alianza. Najua Wangare alinibeba, na Wangare si kijana lakini alinibeba.

Makelele yalipotulia mama yule akanyooshea shuka letu kidole. "Na hizi nyekundu ni za nini? Ni mapambo?"

Ogada mwenyewe alikuwa hajui. Ningeweza kusema ni mapambo. Nikasema, "Hapo ni mimi nilikosea, tarehe 26 Aprili. Huyu mke wa mwanangu aliona siku hiyohiyo, akaninyamazia kwa heshima, kwa sababu mimi ndiye niliyemzoesha kuitikia. Zile nyekundu zote ni zake, na zile nyekundu ndizo za kweli."

Ukumbi ukacheka, kisha ukapiga makofi ya namna nyingine, ya polepole. Ogada amesema kijitabu kitachapisha jedwali na rangi zake. Jerop alikuwa ameficha uso nyuma ya kitabu, mabega yakitikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Jumatatu, 16 Juni

Jua. Mvua imekatika kana kwamba ilikuwa inatungoja tumalize, na stima ipo tangu asubuhi. Wateja wamejaa mpaka benchi la Ogada. Wamaitha amekuja kwanza, ana harusi Longonot, anataka laini kumi na mbili za kwenda nyuma na anazitaka kabla ya saa tano.

Nilikuwa kwenye ya tano, naenda mbio. Jerop alipita nyuma yangu na beseni, akasimama.

"Mama."

"Sema."

"Hiyo ya tatu imeenda kombo."

Wangare aliacha mkono hewani, na Trizah akapaka rangi kidole badala ya kucha. Wamaitha akaanza kugeuza shingo, nikamrudisha. Niliinama nikatazama. Ilikuwa kombo kweli, imekata kona pale nyuma ya sikio.

"Na ya nne?" nikauliza, kwa hasira kidogo, kwa maana mtu habadiliki kwa siku mbili.

Jerop akaweka beseni chini, akainama, akaitazama bila haraka.

"Ya nne nayo."

Nikazifumua zote mbili.